Kigong'ota kwenye mti wa avokado: usimfukuze

Dada, usimfukuze, na fundi wa msumeno mwambie asubiri. Umesema anagonga tawi lile lile la avokado yako hapo Nakuru kila asubuhi, ukahofia atauua mti. Mti wenye afya hauuawi na kigong'ota. Anachofanya ni kukuonyesha mahali palipooza.

Msikilize kwanza. Akigonga mara mbili tatu, akasogea, akagonga tena, anatafuta mabuu chini ya gome. Ulimi wake mrefu huyafuata hadi ndani ya vijia vyao. Mpigo wa kasi unaokatika ghafla kama ngoma ni wa kutangaza eneo lake au kuita mwenzi, na kwa kazi hiyo hupenda tawi kavu kwa sababu linavuma vizuri.

Kisha kwaruza gome kidogo kwa kisu. Ukikuta kijani chenye unyevu, tawi li hai. Likiwa kahawia na kavu, tazama kama kuna vitundu vidogo vinavyomwaga unga wa mbao. Hao ni wadudu watoboao mbao, na mara nyingi walikuwemo kabla ya ndege kufika. Tafadhali usinyunyizie dawa hapo. Utamlisha sumu anayekusaidia.

Ila ukiona tundu la duara safi na vibanzi vimetapakaa chini, huenda ni kiota. Ngoja makinda waruke ndipo ukate, na ukate tu ikiwa tawi limeinamia nyumba au njia. Vinginevyo liache: kwezi huhamia kwenye matundu ya zamani.