Geuza Kwanza, Ndipo Uandike Bei

Mwezi wangu wa kwanza kwenye duka la mitumba huku Marekani, niliandika "Uingereza" kwenye chombo cha siagi chenye umbo la kijumba: paa la nyasi, dirisha dogo, maua yakipanda ukutani. Mteja mmoja, mama wa makamo, akakipindua akacheka. Kitakoni palikuwa na muhuri: Made in Japan. Sikuwa nimekigeuza hata mara moja.

Ninyi mnaoanza kupanga vyombo, msiiamini picha ya juu. Viwanda vya Japani viliwauzia watu wa Magharibi kile walichokwisha kukipenda: vijumba vya Kiingereza, sanamu za mabwana na mabibi kama za Meissen kule Ujerumani, vyombo vya bluu na nyeupe kama vya Delft kule Uholanzi. Hata ile sahani ya bluu yenye mti wa matawi yanayoning'inia (kwa Kiingereza, willow) na ndege wawili ni mchoro wa Waingereza waliowaiga Wachina, kisha Wajapani wakawaiga Waingereza. Ukitafuta mwenye asili hapo utachoka bure.

Kitako ndicho cha kusoma. Sheria ya forodha ya Marekani ya 1890 ilitaka bidhaa ya kigeni iandikwe nchi ilikotoka, kwa Kiingereza. Ukikuta Nippon, yaani Japani kwa Kijapani, kwa kawaida ni ya kuanzia 1891 hadi 1921, mwaka ambao Wamarekani walisema Nippon ni neno la Kijapani na wakataka Japan. Made in Occupied Japan ni ya kipindi kifupi baada ya vita, 1947 hadi 1952, nchi ilipokuwa chini ya majeshi ya kigeni. Neno Japan peke yake ndilo linalosumbua, kwa sababu lilitumika kabla ya vita na baada yake. Hapo tazama chombo chenyewe.

Kwa vya miaka ya 1920 na 1930, mimi huangalia mng'ao kwanza. Rangi ya chungwa au bluu hafifu inayometa kama mafuta juu ya maji, mstari mweusi ukingoni, kasuku au mwanasesere wa sarakasi aliyechorwa kwa mkono haraka haraka. Noritake, kampuni ya Kijapani ya vyombo vya kauri, walitengeneza vizuri sana vya namna hii, na mimi navipenda kuliko vingine vya Ulaya vilivyoigwa. Mng'ao huo unakwanguka, kwa hiyo usivisugue kwa brashi wala kuvitia kwenye mashine ya kuoshea.

Chombo kisicho na muhuri si lazima kiwe cha Ulaya. Vingi vilibandikwa karatasi tu, nayo imekwisha kung'oka zamani. Nikikosa uhakika naandika "huenda ni Japani" na kuweka bei ya chini kidogo.

Kuna pia mihuri ya bandia, hasa ya Nippon na Occupied Japan, maana vina wanunuzi wake. Chukua pamba yenye dawa ya kuondoa rangi ya kucha, sugua pembeni ya muhuri taratibu. Uliochomwa tanurini haubanduki. Ukiona wino umehamia kwenye pamba, rudisha chombo rafuni bila kutaja mwaka wowote.