Sanamu ya Buddha ya shaba iliyopakwa dhahabu: anza kwa kuigeuza chini

Wanunuzi wengi wanaofika Patan, mji wa mafundi katika bonde la Kathmandu nchini Nepal, huvutwa kwanza na mng'ao wa dhahabu na utulivu wa uso. Ushauri wetu ni kwenda kinyume. Igeuze sanamu utazame kitako chake, kisha vidole, kisha mgongo. Uso uwe wa mwisho. Dhahabu ni utando mwembamba kuliko unywele. Kazi yenyewe iko kwenye shaba, na ukijua ilivyofanywa, kila kosa la fundi utaliona.

Wenye kazi hii ni Wanewari, jamii ya bonde hilo, hasa wa ukoo wa Shakya, na sifa yao ni ya zamani. Mwaka 1260 fundi kijana wa kwao, Arniko, alikwenda Tibet na kundi la mafundi, kisha akafika kwa Kublai Khan, mtawala wa Wamongolia, nchini China. Stupa (mnara wa ibada wa Kibuddha) nyeupe aliyoijenga Beijing, iliyokamilika mwaka 1279, ipo hadi leo.

Sanamu huanza kwa nta. Nta ya nyuki huchanganywa na utomvu wa mti wa sal na mafuta kidogo. Kipimo hufuata majira: wakati wa joto utomvu huongezwa ili nta isilegee mkononi, wakati wa baridi mafuta huongezwa ili isipasuke. Kiwiliwili, mikono na kiti cha yungiyungi mara nyingi hufinyangwa mbalimbali na kuunganishwa baadaye. Kwa hiyo chunguza maungio ya mikono na ya kiti. Ungio zuri hulioni ila kwa kulitafuta. Ungio baya lina ufa, au limezibwa kwa gundi iliyopakwa rangi ya dhahabu.

Juu ya nta huja udongo. Tabaka la kwanza ni udongo laini uliochujwa na kuchanganywa na kinyesi cha ng'ombe, maana ndilo linaloshika kila mkunjo wa vazi. Yanayofuata ni mazito, yenye pumba za mpunga. Kila tabaka hukaushwa kivulini kabla ya jingine kuwekwa. Fundi mwenye haraka huanika juani, udongo hupasuka, na shaba hupenya kwenye nyufa na kuacha mistari iliyoinuka mithili ya mishipa. Baadaye mistari hiyo husuguliwa kwa tupa na kuondoa nakshi iliyokuwa karibu nayo. Ukikuta sehemu ya vazi iliyo tupu bila mchoro ilhali upande wa pili umejaa, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

Kalibu, yaani udongo huo uliokauka, huchomwa moto ili nta itoke, na shaba humiminwa mahali ilipokuwa nta. Nta hupimwa mapema kwa mizani: kwa kilo 1 ya nta, andaa kilo 9 hadi 10 za shaba, kwa kuwa shaba ni nzito takriban mara tisa na lazima ibaki ya kujaza mirija ya kumiminia. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 za Selsiasi. Kalibu nayo lazima iwe ya moto sana wakati wa kumimina. Ikipoa, shaba huganda kabla ya kufika nchani, na ndiyo maana vidole hukatika. Ikibaki na unyevu, mvuke huilipua. Kalibu huvunjwa ili kuitoa sanamu, kwa hiyo haitumiki tena.

Hapa kuna jambo ambalo wanunuzi wengi hulielewa vibaya. Shaba nyekundu iliyo karibu kuwa safi ni ngumu kusubu, yaani kuiyeyusha na kuimimina kalibuni. Ikiwa majimaji huvuta hewa, ikiganda huacha vitundu, na hutiririka kwa uzito kuliko shaba ya njano. Kwa nini basi waliichagua? Kwa sababu ya zebaki. Risasi, ambayo mara nyingi huwamo katika shaba za kuchanganywa, huacha madoa meusi pale dhahabu inapopakwa kwa zebaki. Shaba safi huipokea dhahabu vizuri. Kwa hiyo mafundi walikubali vitundu na kuviziba kwa viraka vidogo vya shaba. Kiraka cha mraba mgongoni mwa sanamu kisikutishe; ni dawa ya kawaida ya kazi hii. Cha kutilia shaka ni kiraka kilichojazwa risasi au gundi.

Sanamu kubwa mara nyingi hazisubiwi. Bamba la shaba hugongwa kwa nyundo juu ya ulimbo likichukua umbo. Kila likigongwa huwa gumu, hivyo hurudishwa motoni hadi liwe jekundu ili lilainike. Asiyelirudisha mapema hulipasua.

Baada ya kusubu ndipo fundi wa nakshi anapoanza kwa tindo ndogo ndogo, na hapa ndipo tunapenda mnunuzi akae muda mrefu zaidi. Kazi hii huweza kuchukua miezi. Tazama kucha, upindo wa vazi, na ncha za petali za yungiyungi, hasa za nyuma. Mstari wa tindo una kingo kali na kina kinachobadilika. Mstari uliochorwa kwenye nta tu, bila tindo kupita tena, una kingo za mviringo.

Kisha zebaki. Wachimbaji wadogo wa Geita na Migori wanaijua: humeza dhahabu, na moto huitenganisha. Fundi wa Patan huchanganya dhahabu na zebaki, takriban sehemu 1 kwa 6 hadi 8, hukamua zebaki ya ziada kwa kitambaa, kisha hupaka shaba iliyosafishwa kwa asidi. Akipasha moto, zebaki, inayochemka kwenye nyuzi 357, huondoka kama mvuke, na dhahabu hubaki imeshikana na shaba, ikiwa ya manjano hafifu isiyong'aa. Mng'ao huletwa kwa kusugua na jiwe la akiki. Mahali ambapo mafuta ya vidole yalibaki, dhahabu haikamati. Mvuke huo hauonekani wala haunuki, nao huharibu neva na figo, kwa hiyo usijaribu kazi hii nyumbani, hata kwa kipande kidogo.

Hiyo pia ndiyo njia ya kuitambua dhahabu iliyopakwa kwa umeme. Iliyopakwa kwa zebaki mara nyingi huishia kitakoni kwa mstari usio sawa, ikififia hadi shaba nyekundu. Ya umeme huwa nyembamba na sawasawa kila mahali, aghalabu juu ya shaba ya njano. Si dhambi kuinunua, ila usiilipie bei ya zebaki.

Rangi ya dhahabu si anasa: ngozi ya dhahabu ni mojawapo ya alama 32 za mtu mkuu, pamoja na uvimbe wa utosini. Masikio marefu hukumbusha hereni nzito ambazo Buddha alizivaa akiwa mwanamfalme, kisha akaziacha. Mkono wa kulia ukigusa ardhi, ni Shakyamuni, yaani Buddha wa kihistoria, akiiita dunia imshuhudie mbele ya Mara, pepo mshawishi, huko Bodh Gaya nchini India. Ila Akshobhya, Buddha mwingine, naye hugusa ardhi, kwa hiyo angalia kama mbele yake pana vajra, kifaa cha ibada kinachowakilisha radi. Buddha wa Tiba hushika tunda la dawa na bakuli. Tara wa kijani, mungu wa kike mwokozi, huutoa mguu wa kulia chini, tayari kusimama kusaidia.

Uso wenye dhahabu isiyong'aa usiuone una kasoro. Kwa desturi ya Tibet uso hupakwa unga wa dhahabu uliochanganywa na gundi, nywele hutiwa buluu, na macho huchorwa. Rangi hizo hazikushikizwa kwa moto kama dhahabu ya mwilini, kwa hiyo kitambaa chenye maji huziondoa.

Kitako kilichofungwa kwa bamba lenye vajra mbili zilizopishana kinaonyesha sanamu imewekwa wakfu: ndani kuna mti wa katikati, hati za mantra (maneno matakatifu) zilizoviringishwa na manukato, vikishindiliwa ili visicheze. Usilifungue bamba hilo kwa udadisi. Waumini wataihesabu sanamu kuwa imevunjiwa wakfu.

Kutunza ni rahisi: brashi laini kavu, basi. Ndimu na majivu tunavyosugulia shaba za milango ya Pwani vitaila dhahabu, na dawa za kung'arishia pia. Kwenye hewa ya chumvi, kutu ya kijani huanza pale dhahabu ilipo nyembamba, hivyo weka sanamu mbali na dirisha la baharini.

Na kabla hujalipa, dai cheti cha Idara ya Mambo ya Kale ya Nepal. Sheria inakataza kutoa nchini sanamu yenye zaidi ya miaka 100, na sanamu nyingi za bonde lile ziliibwa mahekaluni. Muuzaji akinong'ona kwamba yake ni ya kale sana, ama ameizeesha kwa kemikali, ama ni ya wizi. Iache dukani.