Barua kwa mwanangu: Kifaransa watakisikia kwako kwanza

Mwanangu,

Marahaba. Huku Ujiji hatujambo. Bibi yako anakusalimu, na wewe mfikishie shangazi yako salamu zetu. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa ofisini, nikaurudia nyumbani nilipotulia. Umeniuliza hivi: ulimaliza kidato cha sita kwa KLF, yaani Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa, umekaa dukani kwa shangazi muda wa kutosha, sasa unataka kuomba chuo usomee ualimu, na somo lako kubwa liwe Kifaransa. Wenzako hapo Tabora wanakukatisha tamaa, wanasema Kifaransa cha nini Tanzania hii. Unataka kujua mimi naonaje, kama mama na kama mwalimu, na kama naafiki, uanze vipi kujiandaa.

Naafiki. Uende.

Nasema hivyo huku najua hali ya ajira ilivyo. Walimu wa masomo ya sanaa wako wengi mtaani, na siku hizi shahada peke yake haikuingizi darasani: unaomba kwenye mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, unaitwa kwenye usaili, unashindana na wenzako. Walimu wa Kifaransa ni wachache, hilo linakusaidia. Lakini shule zinazokifundisha nazo ni chache, hilo usijifiche. Mitaala mipya iliyoanza kutumika 2024 imekiweka Kifaransa pamoja na Kiarabu na Kichina kati ya lugha ambazo mwanafunzi anaweza kuchagua, ila kuwekwa kwenye mtaala ni jambo moja na shule kuwa na mwalimu ni jambo jingine. Kwa hiyo usiende chuoni ukitazama ajira ya serikali tu. Tazama na shule binafsi, tazama na kazi nyingine ambazo mtu mwenye lugha na ufundi wa kufundisha anaweza kuzifanya.

Na hao wanaouliza Kifaransa cha nini, nawaombea wakae nusu siku tu pale Kibirizi boti zinapopakia kwenda ng'ambo. Kiswahili kinabeba maongezi mengi, maana Wakongo wa mashariki wanakijua vizuri. Lakini likifika suala la karatasi, yaani hati ya mzigo, mkataba, cheti cha hospitali, barua ya ofisi ya serikali kule Kalemie au Bujumbura, mambo yanageuka Kifaransa, na hapo ndipo unaona mtu mzima anazungusha karatasi mkononi akitafuta wa kumsomea. Burundi iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kongo ikaingia 2022, na kabla ya Kongo kuingia, Februari 2021, wakuu wa nchi walishakubali Kifaransa na Kiswahili viwe lugha rasmi za Jumuiya pamoja na Kiingereza. Sisi wa Kigoma majirani zetu wa karibu kuliko Dar es Salaam ni hao. Mtoto wa hapa kutokijua Kifaransa ni hasara, na wa kumfundisha lazima atoke mahali.

Sasa nije kwenye lile ninalotaka ulishike kuliko yote.

Kuna shule moja niliyowahi kufundisha, jina lake tuliache. Alikuja kijana wa mazoezi kutoka chuo, akapewa Kifaransa kidato cha pili, nami nikaketi nyuma ya darasa. Vipindi viwili vya mfululizo, dakika 80, aliandika ubaoni mnyambuliko wa kitenzi « être », yaani kuwa: je suis, tu es, il est, nous sommes, vous êtes, ils sont. Watoto wakanakili kwa mwandiko mzuri, daftari zikajaa. Kengele ilipogongwa, mzazi mmoja Mrundi aliyekuja kufuatilia ada ya mwanawe akachungulia mlangoni akawauliza kwa furaha, « Ça va, les enfants ? », yaani hamjambo, watoto? Darasa zima likanyamaza. Yule kijana naye akanitazama mimi. Alama zake za chuoni zilikuwa nzuri na sarufi aliijua kweli. Ila katika miaka yake yote ya kusoma hakuna aliyemdai afungue mdomo.

Fikiria tofauti iliyopo. Mimi nikifundisha Kiswahili, mtoto anakisikia sokoni, redioni, msikitini, nyumbani. Nikikosea leo, jirani atamsahihisha kesho. Hata Kiingereza anakisikia kwenye masomo mengine. Lakini Kifaransa, watoto wengi utakaowafundisha watakisikia kwako kwanza, na wengine hawatakisikia kwa mtu mwingine yeyote hadi wamalize kidato cha nne. Ukitamka « tu » kama « tou », darasa la watoto 40 litatamka hivyo, na baadhi yao watakuja kuwa walimu. Ndiyo maana kwangu maandalizi ya mwalimu wa Kifaransa yanaanzia mdomoni, na hayangoji barua ya chuo.

Anza na zile sauti ambazo Kiswahili hakina. Ile u ya « tu » na « rue »: tamka i, ulimi ubaki pale pale, kisha viringisha midomo kama unapuliza moto wa mkaa. Rudia mpaka mtu atofautishe akisikia « rue », barabara, na « roue », gurudumu. Halafu zile irabu zinazopitia puani: « vin », « vent », « vont ». Sisi tunapenda kuzimalizia na n kamili, tena wengine wanaongeza na i mwishoni, maana Kiswahili chetu kinataka kila neno liishie kwenye irabu. Jirekodi kwenye simu, sikiliza, linganisha na mtangazaji. Usione haya, hakuna anayekusikia humo stoo ya duka la shangazi.

Mtangazaji umpate wapi? RFI, redio ya kimataifa ya Ufaransa, wana taarifa ya habari ya kila siku kwa Kifaransa chepesi, fupi, na maandishi yake unayapata kwenye mtandao. Sikiliza kwanza bila kusoma, kisha soma, kisha sikiliza tena. TV5MONDE, televisheni ya Kifaransa, nao wana mazoezi ya bure yaliyopangwa kwa viwango. Bando likiisha, soma kwa sauti chochote ulichonacho cha Kifaransa, hata maelezo ya kwenye boksi la dawa.

Na ukija nyumbani likizo, usilale. Kiha cha bibi yako na Kirundi ni ndugu wa damu. Mtu wa Manyovu na mtu wa ng'ambo ya mpaka wanapiga soga bila mkalimani. Ni neema, lakini kwako ni mtego pia. Utakaa na fundi cherehani Mrundi pale Mwanga, mtaanza kwa Kifaransa, baada ya sentensi mbili mtakuwa mmehamia Kirundi au Kiswahili kwa sababu ni rahisi. Kwa hiyo patana naye mapema: nusu saa hii ni Kifaransa tu, hata tukikwama. Mlipe kidogo kama inabidi. Wengi watakubali bure, watu wanafurahi mtu anapojitahidi na lugha waliyoisomea shuleni.

Kuna jambo dogo litakuchanganya hapo, nikuambie mapema. Wakongo na Warundi wanahesabu kwa desturi ya Ubelgiji, iliyowatawala: 70 ni « septante », 90 ni « nonante ». Vitabu vyako vya shule vinasema « soixante-dix » na « quatre-vingt-dix ». Hakuna aliyekosea. Jifunze zote mbili, kwenye mtihani andika ile ya kitabuni, bandarini uielewe ile nyingine, na ukiwa mwalimu usimcheke mtoto wa Kikongo aliyekuja na ya kwao.

Chuo chenyewe sasa. Shahada ya sanaa na elimu ni ya miaka 3, na Kifaransa unakipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na hata Dodoma. Sifa ya chini kwa kawaida ni ufaulu wa masomo mawili ya kidato cha sita wenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Lakini kila programu ina masharti yake, yasome kwenye mwongozo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, wa mwaka unaoomba, usisikilize ya vijiweni. Wewe kwa matokeo yako sina wasiwasi.

Utasoma mambo ya aina mbili, na wanafunzi wengi wanayapenda ya kwanza na kuyavumilia ya pili. Ya kwanza ni lugha: fonetiki, sarufi, isimu, fasihi, tafsiri. Ya pili ni elimu: saikolojia, mitaala, upimaji, mbinu za kufundishia somo. Nakuomba sana usiyasomee haya ya pili kwa ajili ya kukwepa sapu tu, yaani mtihani wa marudio. Kujua Kifaransa na kumjulisha mwingine Kifaransa ni kazi mbili. Kutunga mtihani unaopima kile ulichofundisha, kuandaa azimio la kazi la muhula mzima, kujua umuulize nani swali na usubiri kwa muda gani kabla hujalijibu mwenyewe, hayo yana elimu yake. Nimeona wenye lugha tamu darasa likiwashinda ndani ya wiki.

Nikupe mfano mmoja wa mbinu, maana nimefundisha ngeli miaka mingi na naona ni mali yako. Watoto watalalamika kwamba Kifaransa kinasumbua, mara « le livre », kitabu, kwa jinsia ya kiume, mara « la table », meza, kwa jinsia ya kike, na kivumishi kinabadilika. Usiwape orodha ya kukariri. Andika ubaoni: kiti kizuri, meza nzuri, mti mzuri, jina zuri. Waulize nani aliwafundisha kubadilisha hiyo « zuri ». Hakuna, wamekua nayo. Watoto wanaopatanisha ngeli zote za Kiswahili bila kufikiri hawawezi kushindwa na lugha yenye makundi mawili. Waonyeshe hivyo siku ya kwanza, hofu itapungua, ndipo uingie « beau » na « belle », yaani zuri ya kiume na ya kike.

Mazoezi ya kufundisha uyachukulie kama ndiyo mtihani wenyewe. Wengi wanaomba shule ya karibu na nyumbani wapate chakula cha mama. Mimi ningependa uende mahali pasipokuzoea, ambapo vitabu havitoshi na mwalimu wa Kifaransa ni wewe peke yako. Msimamizi kutoka chuoni atakuja, ataona andalio la somo, atakupa alama, ataondoka. Usifundishe kwa ajili yake. Omba mwalimu mzoefu wa somo lolote akae nyuma akutazame siku ambayo hakuna alama, na akuambie ukweli.

Somo la pili la kufundishia nashauri uchukue Kiswahili, kama mseto wa chuo unaruhusu. Wataniambia navutia kwangu. Lakini hebu angalia: Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu 2022, na mtu anayeweza kumfundisha mzungumzaji wa Kifaransa Kiswahili, na Mswahili Kifaransa, ana pande mbili za kuombea kazi. Kiingereza kitakusaidia pia, sikatai, ila hapo foleni ni ndefu.

Umegusia Kihispania mwishoni, kwamba umeanza kukisoma kwenye simu na unakipenda kuliko. Kipende. Ila kwa ualimu wa shule zetu hakikupi mahali pa kusimama: si somo la mitihani ya NECTA, Baraza la Mitihani, na Afrika nchi inayokitumia kama lugha rasmi ni Guinea ya Ikweta, mbali na sisi. Kifaransa na Kihispania vyote vimetoka kwenye Kilatini, ukishakuwa imara katika kimoja cha pili utakifikia kwa haraka. Kitangulie Kifaransa.

Ukifika chuoni weka lengo la kufanya DELF, ule mtihani wa Kifaransa unaotambulika kimataifa. Vipo viwango vya A1, A2, B1 na B2, na cheti chake hakiishi muda. Wanaofika Dar es Salaam na Arusha wanaulizia mtihani huo Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa. Mimi nataka uwe na B2 kabla ya kuvaa joho, kwa sababu DELF inapima na kusikiliza na kuongea, na mwenye kukuajiri shule binafsi akiona cheti hicho juu ya shahada hatakuuliza mara mbili. Ada yake tutaichanga, bumu lako, yaani fedha ya kujikimu ya mkopo, lisiguswe kwa hilo.

Kuhusu mkopo: Bodi ya Mikopo inataka cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, na foleni ya uhakiki hurefuka dirisha la maombi likishafunguliwa. Cheti chako ninacho mimi, kwenye lile begi la makaratasi. Nimekiskani na nimekutumia kwa WhatsApp pamoja na cheti cha kidato cha nne. Anza uhakiki wiki hii. Cheti cha kifo cha baba yako nacho kitahitajika, nacho sharti kihakikiwe. Hicho nitakifuatilia mwenyewe Jumatatu nikitoka kipindi cha mwisho, kisha nikupigie jioni. Nikipiga, tuzungumze dakika tano za mwanzo kwa Kifaransa, mimi nitajibu nitakachoweza.

Mama yako,
Ujiji, Kigoma