Throto bodi "binafsi" ni za nani?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi na washkaji zangu ni watu wa magari, sasa kuna ubishi. Kuna zile injini ambazo badala ya throto bodi moja (kile kifaa chenye kisahani kinachofungua na kufunga njia ya hewa) inayogawia hewa silinda zote, kila silinda inakuwa na ya kwake. Mimi huwa naandika "throto bodi binafsi", mwenzangu anasema "throto bodi moja moja", mwingine kaja na "throto bodi pekee". Nani yuko sahihi? Na nikisema injini "inajibu haraka" niko sawa?

Jibu: Marahaba. Wote mmekosa, ila hamjakosa sawasawa, na huyo wa "pekee" ndo kapotea kabisa, maana mtu akisoma "throto bodi pekee" ataelewa ipo throto bodi tu hakuna kingine, au ipo moja haina mwenzake, na kitu chenyewe sifa yake ni kuwa nyingi. Ile injini ya V12, yaani ya silinda 12, ya gari la McLaren F1 inazo 12, hebu ziite pekee tuone.

Sasa "binafsi". Humo ndani kuna nafsi, ndo maana neno linakaa vizuri kwenye mambo ya watu: maoni binafsi, gari binafsi, shule binafsi. Silinda haina nafsi. Ukiniandikia "nimefunga throto bodi binafsi" mimi naelewa ni mali yako, hukuazima kwa mtu, hongera.

"Moja moja" imekaribia. Shida yake ni kwamba tukirudia namba hivyo mara nyingi tunaeleza tendo linavyokwenda, waliingia mmoja mmoja, alizihesabu moja moja, yaani kwa zamu. Na hapa si nadharia tu, kwasababu hizi throto bodi lazima zisawazishwe, fundi anapima kila moja inavuta hewa kiasi gani injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, zikipishana injini inatetemeka kama ina homa. Kwa hiyo fundi akisema "nazisawazisha moja moja" anamaanisha anamaliza hii ndo anahamia ile. Ukilifanya hilohilo liwe jina la kifaa, sentensi yake inakuwa na maana mbili na hatujui tushike ipi.

Kiswahili kina njia yake ya siku zote na wala haihitaji neno jipya: kila mlango na ufunguo wake, kila mtoto na sahani yake. Basi, kila silinda na throto bodi yake. Ukitaka ikae ndani ya sentensi ndefu, "injini yenye throto bodi kwa kila silinda". Na mkiwa wenyewe kwa wenyewe namba inatosha, sema injini ya RB26DETT ya Nissan ni silinda 6 throto 6, ile 4A-GE ya Toyota ya vali 20 ni silinda 4 throto 4, mtu wa magari keshaelewa hata hujamaliza. Ila tafadhali, "kila" inataka umoja. Kila silinda INA, siyo kila silinda zina, hili naliona kila siku hadi kwa watu waliosoma.

Kwenye "inajibu" sikukatazi, ila mimi ningesema inaitika. Anayejibu kaulizwa swali, anayeitika kaitwa tu, na mguu wako hauulizi injini kitu, unaiita. Halafu neno linaendana na kinachotokea: kile kisahani cha throto kinakaa karibu kabisa na vali ya kuingizia hewa, katikati hapo hewa ni kidogo, kwa hiyo ukikanyaga tu silinda inapata yake papo hapo haisubiri bomba refu lijae kwanza. Huko ndiko kuitika.

(Ndo pia tunasema "kanyaga mafuta" wakati mguu unafungua hewa, mafuta yanapimwa na kompyuta kufuatana na hiyo hewa. Acheni hivyohivyo, neno likishazoeleka halirudishwi gereji.)

Kimoja hamjaniuliza ila nitakisema. Msiandike "zinaongeza nguvu" mkaishia hapo, semeni zinaongeza wapi. Faida ya nguvu hutafutwa zaidi juu, injini ikizunguka kwa kasi, huko chini unaweza usione tofauti yoyote na bado ukabaki na kazi ya kuitunia kompyuta upya, yaani kuipangia vipimo vyake, maana mvuto wa hewa ambao kompyuta nyingi huutumia kukadiria hewa unakuwa dhaifu na unayumba, ndo maana wengi wanaitunia kwa kuangalia throto imefunguka kiasi gani. Kwa hiyo ningekuwa mimi ningeandika: "Nimeifungia injini throto bodi kwa kila silinda, inaitika haraka kuliko zamani, na ikipanda mizunguko ya juu ndo nguvu inaonekana."