Saa ya Luteni Dawes: walijuaje Sydney iko wapi?

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma kozi ya ubaharia hapa Dar, umetufundisha kwamba saa ikikosea sekunde 4 tu umeshakosea dakika moja ya longitudo, yaani moja ya sitini ya nyuzi moja kwenda mashariki au magharibi. Sasa wale Waingereza walioanzisha koloni Sydney walitoka kwao Mei 1787 wakafika Januari 1788, hakuna redio hakuna setelaiti, saa yao ilikuwa bado sahihi kweli? Na nani alikuwa anairekebisha?

Jibu: Marahaba kijana wangu. Haikuwa sahihi, na hakuna aliyeirekebisha, hapo ndipo wengi mnapokwama. Saa ya baharini mishale yake haiguswi. Unachotafuta ni inachelewa au inakimbia sekunde ngapi kwa siku, unaandika kwenye daftari, ukija kupiga hesabu unajumlisha au unatoa. Saa inayochelewa sekunde 3 kila siku bila kubadilika hiyo ni saa nzuri kabisa, mbaya ni ile leo inachelewa moja, kesho inakimbia nne.

Wao walibeba saa iliyoitwa K1 ndani ya meli ya Sirius, kazi ya fundi Larcum Kendall ya mwaka 1769 aliyeinakili saa ya baharini ya fundi John Harrison, na nahodha James Cook alishasafiri nayo. Ukiiona ni kama saa ya mfukoni ila kubwa, upana wake sentimita 13 hivi. Hofu kubwa ilikuwa mtu asahau kuitia ufunguo, maana ikisimama tu umepoteza wakati wa Greenwich, kule Uingereza longitudo inakoanzia kuhesabiwa, na katikati ya bahari utamuuliza nani, kwa hiyo kuitia ufunguo ilikuwa kazi ya maofisa wenyewe, kila siku saa sita mchana.

Walipotia nanga ikabidi saa ipimwe na mbingu, na mtu wa kazi hiyo alikuwa William Dawes, luteni wa wanamaji, kijana wa miaka 26 hivi. Alijenga kibanda cha kuangalia nyota kwenye rasi ya magharibi ya Sydney Cove, pale ambapo leo linapita lile daraja kubwa la Sydney. Jua na nyota zinakupa wakati wa pale ulipo. Wakati wa Greenwich unaupata kwa kupima pembe kati ya mwezi na nyota, au kwa kungoja mwezi mmoja wa sayari ya Jupita uingie kwenye kivuli chake, kwa sababu almanaka, kile kitabu cha majedwali ya mbingu, imeshaandika tukio hilo Greenwich litakuwa saa ngapi. Tofauti ya nyakati mbili ndiyo longitudo yako. Sydney iko nyuzi 151 na dakika 12 mashariki, sawa na saa 10, dakika 4 na sekunde 48, yaani ikiwa saa sita kamili mchana kwake, Greenwich ni saa saba na dakika 55 usiku. Akikosea sekunde moja, pale Sydney amesogea karibu mita 385.

Na usidhani alikaa anatazama nyota tu. Mchana alikuwa injinia wa koloni, anasimamia mizinga, anapima mitaa ya Parramatta, makazi mengine ya koloni, halafu usiku anakesha, tena 1790 posho ya chakula ikapunguzwa. Mimi kinachonigusa zaidi ni daftari zake za lugha, zimehifadhiwa London hadi leo. Binti mwenyeji, Patyegarang, alikuwa anakuja kibandani anamfundisha, na Dawes ameandika neno putuwa: kupasha mkono moto kisha kuminya taratibu vidole vya mwenzio. Desemba 1790 gavana Phillip alipoagiza msafara wa kuwaadhibu wenyeji, Dawes alikataa, akashawishiwa akaenda, akarudi akasema wazi anajuta. Aliomba kubaki koloni, ikashindikana, akaondoka Desemba 1791.

Sasa wewe simamisha kijiti kimenyooka wima, uangalie kwenye simu kivuli kinakuwa kifupi kabisa saa ngapi. Dar hapa kwa wastani ni saa sita na dakika 23, lakini kuna siku itakuwa na 7 tu na siku itafika 37, hiyo tofauti ndiyo almanaka inakusahihishia. Andika siku kumi mfululizo, usifute hata namba moja, uniletee.