Kabla Hujapeleka Takwimu za Mvua Kikaoni

Wadogo zangu mnaopangiwa kazi za maji Tabora na Kigoma, mtafika na modeli za tabianchi kwenye kompyuta, na ni vizuri. Ila naombeni mwanzie kwenye daftari la msoma mvua, maana makosa yanayoharibu maamuzi huku kwetu mengi huzaliwa humo.

Kipimo cha mvua husomwa saa 3 asubuhi kila siku. Siku kavu huandikwa 0.0. Siku ambayo haikusomwa kabisa ni kitu kingine, na hapo ndipo pa kukodoa macho. Msomaji amekwenda msibani siku tatu. Akirudi anakuta maji yote yamo kwenye chupa, anayaandika kwa tarehe ya leo. Ofisini mtu anazijaza zile siku tupu kwa sifuri. Ukichora grafu unapata kiangazi kifupi kikifuatwa na mvua kubwa ya siku moja, na vyote viwili havikutokea. Halafu kalavati na tuta la lambo hupimwa kwa namba hizo hizo.

Kwa hiyo nendeni vituoni. Salimieni kwanza, "mwangaluka" ya asubuhi ina heshima yake, kisha mwombeni mama au mzee anayesoma awaonyeshe daftari la karatasi lenyewe, si nakala iliyochapwa. Tazameni na miti. Mwembe ukikua karibu na kipimo, mvua kwenye takwimu itapungua mwaka hadi mwaka, nawe utaandika ripoti ya mabadiliko ya tabianchi kwa sababu ya matawi.

Utabiri nao una wenyewe. Mvua zetu ni za msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wake kwa maneno kama "wastani hadi chini ya wastani". Mkulima wa mpunga Nzega au Igunga anauliza jambo tofauti: majaruba yatajaa lini, na mvua ikikatika katikati ya msimu itakatika siku ngapi? Jumla ya msimu inaweza kuwa ya kawaida kabisa na mpunga ukafa. Msimjibu kwa jumla. Wala msimtangazie El Niño kama mvua iliyokwisha kufika. Nguvu yake huonekana zaidi kwenye vuli za kaskazini na pwani, wakati huku magharibi tunategemea pia pepo zenye unyevu kutoka Kongo.

Kikaoni, wekeni mezani mwaka mbaya. Malambo yetu mengi ni mapana na hayana kina, kwa hiyo jua la Septemba na Oktoba huondoa maji mengi kabla ng'ombe hawajayafikia. Diwani akionyeshwa wastani ataidhinisha bustani mpya. Akionyeshwa lambo litakavyokuwa Oktoba ya mwaka mkavu atauliza nani apunguziwe. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeshaweka mpangilio: matumizi ya nyumbani kwanza, mazingira, ndipo shughuli nyingine. Namba zenu zifike zikiwa zimegawanywa hivyo, la sivyo atagawa mwenye sauti kubwa.

Kuhusu mipaka, jambo moja huwashangaza wageni. Mvua inayonyesha Tabora mjini hushuka Malagarasi, ikaingia Ziwa Tanganyika, ndani ya bonde la mto Kongo. Lakini bomba la Tabora siku hizi linaleta maji ya Ziwa Victoria kutoka Ihelele, yaani maji ya Nile. Mkoa mmoja, mabonde mawili ya kimataifa. Atakayewaambia maji ya Tabora ni suala la Tabora peke yake, mwonyesheni ramani.

Kigoma ni zaidi. Ziwa Tanganyika hupoteza maji yake mengi kwa uvukizi, na mlango wake wa kutokea ni mmoja tu, mto Lukuga, kule Kalemie, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji yalipopanda miaka ya karibuni na kuingia kwenye majengo ya ufukweni, Kigoma na Bujumbura ziliumia pamoja, na mlango uko nchi nyingine. Nchi nne zilisaini mkataba wa ziwa mwaka 2003, kwa hiyo kuomba takwimu za jirani ni haki yenu, ombeni bila haya. Mkizipata, msizilinganishe kabla ya kuuliza sifuri ya kila bango la kina (ubao wenye namba za kusomea kimo cha maji) iko mita ngapi juu ya usawa wa bahari, na kama bango limewahi kuhamishwa.