Maelezo ya plagini yakae na kodi yake

Wiki hii maswali yamefanana, wengi mnaandika plagini, yaani programu ndogo za kuongezea programu kubwa uwezo, na wote mnahangaika na maelezo yake, yakae wapi. Kodi hapa ni maandishi ya programu yenyewe. Basi twende nayo.

Msomaji wa Ujiji: Kaka, plagini yangu ya WordPress ya kuonyesha bei za dagaa, maelezo yake nimeyaweka Google Docs. Kuna ubaya?

Upo, tena umeniletea ushahidi mwenyewe. Ile picha ya skrini ya mteja wako wa Kasulu, kwenye ukurasa wake imetokea [bei_dagaa] hivyohivyo na mabano yake, jedwali hakuna. WordPress ikikuta shotikodi (hilo neno la kwenye mabano linaloita plagini) ambayo haijasajiliwa inaiacha kama maandishi tu. Kumbe toleo jipya uliibadilisha ikawa [bei_samaki] na Docs ikabaki na ya zamani, yule mama kanakili alichoelekezwa, hana kosa lolote, na kapoteza siku nzima ya biashara. Maelezo yakiwa ndani ya ripo (ghala la kodi yako linalotunzwa na Git), kwenye faili la README.md pale pale juu, unabadilisha jina kwenye kodi na kwenye maelezo kwa komiti moja, yaani mabadiliko yote yanahifadhiwa kwa pamoja. Halafu kuna hili ambalo mimi nalipenda kuliko yote, mtu aliyebaki na toleo la zamani akifungua tagi (alama ndani ya ripo) ya toleo lake anakuta maelezo ya toleo hilohilo, sio ya leo.

Msomaji wa Isevya, Tabora: Nimerekebisha readme.txt kwenye trunk (folda kuu ya kodi) ila ukurasa wa plagini WordPress.org uko vilevile. Nisubiri?

Usisubiri ndugu yangu. Angalia mstari wa Stable tag, ule unaotaja toleo la kutumika, kama umeandika 1.4 basi maelezo yanasomwa kutoka folda ya tags/1.4. Rekebisha na huko. Kama ni maneno tu umesahihisha, huna haja ya namba mpya ya toleo.

Msomaji wa Mwanga, Kigoma: Tuna plagini ya Jenkins (programu ya kujenga na kupima kodi kiotomatiki) tumeitoa kwa watu wote, maelezo tumeweka kwenye wiki yetu maana yeyote anaweza kuandika. Si ndo rahisi?

Kuandika ni rahisi kweli, ila nani anakagua? Jenkins wenyewe walikaa na wiki miaka mingi, 2019 wakaanza kuwahimiza wenye plagini wahamishie maelezo GitHub, tovuti ya kuhifadhia ripo. Huko mtu anatuma pul rikwesti (ombi la kuingiza mabadiliko), mnaisoma, mnamuuliza, ndo inaingia, na anayeleta kodi mpya bila kugusa maelezo mnamrudisha palepale, msimwonee aibu. Kuhama sio kazi kubwa: wekeni README, kwenye pom.xml, faili la mipangilio ya plagini, ile url (anwani) ielekezeni kwenye ripo, kisha toeni toleo jipya, msipotoa tovuti yao itaendelea kuonyesha ya zamani.

Msomaji wa Buhigwe: Huku mtandao unasumbua sana, maelezo yakiwa kwenye ripo si mpaka niwe na bando?

Hapana dada, ndo utapumua. Ukifanya git clone (kunakili ripo nzima) mara moja ukiwa na mtandao, kodi na maelezo vyote vinashuka na historia yake, utasoma hata usiku bando limeisha, na git log -p README.md itakuonyesha nini kilibadilishwa lini. Ila punguza ukubwa wa picha kabla hujaziingiza, kwasababu picha nzito hata ukiifuta baadae inabaki kwenye historia na kila atakayekloni ataivuta.

Msomaji wa Kasulu: Kiswahili au Kiingereza?

Vyote. README.md na README.sw.md, na ukigusa moja gusa na nyingine kwenye komiti hiyohiyo.